Mkimbiaji, Jua na Kivuli Chake



 Napenda kuitumia nafasi niliyopewa katika jarida letu la mwaka huu kuzungumzia jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni nguo anazovaa kijana anapokimbia juani. Tangu kikundi chetu cha mbio kianze hapa madrasa, maswali ya wazazi yamekuwa ya aina mbili, na yote mawili yanahusu jua. La kwanza huulizwa na mama za mabinti: "Ustadh, mtoto wangu na hijabu ile na suruali ndefu, si ataanguka kwa joto?" La pili liliulizwa na mzazi mmoja tu, lakini ndilo lililonikosesha usingizi. Mwanawe ana ualbino, na anapenda mbio kuliko kitu chochote. Mzee huyo aliniuliza kama inafaa kabisa, kwa mzazi anayemcha Mungu, kumruhusu mtoto wa namna hiyo akimbie.

Nilimwomba anipe muda. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomjibu, pamoja na mengine niliyoyapata baadaye kwa kusoma na kwa kuuliza wenye ujuzi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Jua hutuletea joto, na hutuletea pia mionzi isiyoonekana, iitwayo mionzi ya urujuanimno. Joto tunalisikia, mionzi hatuisikii. Ndiyo maana mtu anayekimbia ufukweni hapa Tanga huku upepo wa kusi ukimpuliza anaona kuna baridi nzuri, kumbe ngozi inaungua vilevile. Anayekwenda Lushoto likizo anafurahi kwamba huko hakuna jua, ilhali kila mtu akipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, na Lushoto iko juu ya hapo. Mawingu mepesi nayo hayasaidii sana, kwani sehemu kubwa ya mionzi hupenya. Na mchanga mkavu wa ufukweni huirudisha juu takriban asilimia 15, ikampiga mkimbiaji chini ya kidevu na puani hata akiwa amevaa kofia. Kwa hiyo mtu asipime jua kwa jasho lake.

Sasa niseme kweli kuhusu sisi wenye ngozi nyeusi, maana sipendi kuwatisha watu kwa maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya Wazungu. Ngozi nyeusi ina rangi ya asili iitwayo melanini, nayo ni kinga tuliyoneemeshwa. Saratani ya ngozi kwa mtu mweusi inayotokana na jua ni nadra. Kinachotusumbua sisi ni joto, upungufu wa maji mwilini, na macho. Kile kinyama kinachoota pembeni mwa jicho na kusogea kwenye mboni mnakiona kwa wavuvi wetu na kwa wakulima, nacho kinahusishwa na jua la miaka mingi. Basi mkimbiaji wa kawaida ajikinge na hayo kwa kiasi, wala asijitie wasiwasi.

Kwa mtoto mwenye ualbino hali si hiyo kabisa. Yeye melanini hana, au anayo kidogo mno. Hapa Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 1,400 ana ualbino, kiwango kilicho juu sana kikilinganishwa na Ulaya au Marekani, na jua letu la karibu na ikweta ni kali. Saratani ya ngozi huwapata wengi wao wakiwa bado vijana, na aghalabu huanzia kichwani, usoni, masikioni na shingoni, yaani pale nguo zisipofika. Baba yule aliyajua haya yote. Alimzika ndugu yake kwa ugonjwa huo. Kwa hiyo swali lake halikuwa la michezo. Alikuwa anauliza kama anamfungulia mwanawe mlango wa kaburi kwa ajili ya furaha ya nusu saa.

(Na hapa niwaombe wanafunzi: mwenzenu mwiteni kwa jina lake. Yale majina mengine ya mitaani yaachwe huko huko.)

Shuleni kwake, ambako sitakutaja, jezi ya mbio ni singlendi na bukta. Kijana aliomba avae mikono mirefu. Mwalimu wa michezo akamwambia sare ni sare, na asiyeiweza akae chini ya mwembe awashikie wenzake mabegi. Akakaa chini ya mwembe muhula mzima. Siku aliyokuja kunisimulia alinipa shikamoo, akanyamaza, kisha akasema, "Ustadh, mimi kivuli nakipenda, ila sitaki kukalishwa."

Tukaenda na baba yake kuonana na mwalimu mkuu, kwa adabu, bila ugomvi. Nilikuwa nimetafuta kanuni za shirikisho la riadha la dunia, World Athletics. Kanuni ile inataka nguo ya mwanariadha iwe safi, iwe ya heshima, na iwe ya kitambaa kisichoonyesha mwili hata kikilowa maji. Haisemi mikono iwe mifupi wala mirefu, wala haisemi miguu iwe wazi. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Akakubali kijana avae nguo ndefu za rangi ya shule, na singlendi ya shule aivae juu yake ili ajulikane na wenzake. Mambo yaliisha kwa dakika chache, baada ya muhula mzima wa mwembe.

Kile kipengele cha nguo isiyoonyesha mwili hata ikilowa kilinifurahisha, kwa sababu ni jambo tunalolisomesha kila mwaka darasani. Katika masharti ya sitara tunafundisha kwamba nguo isiwe nyepesi ya kuonyesha rangi ya ngozi. Sasa tazameni: kitambaa kinachopitisha mwanga hadi rangi ya ngozi ikaonekana, aghalabu hupitisha na mionzi. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba inapolowa jasho hushikana na mwili na kuwa kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta. Maji yamejaza nafasi zilizo kati ya nyuzi, mwanga unapita kwa urahisi zaidi, na mionzi nayo inapita. Mkimbiaji aliyevaa fulana hiyo amepoteza sitara na kinga kwa wakati mmoja.

Wataalamu wana kipimo cha jambo hili, huandikwa UPF kwenye lebo ya nguo. Australia na New Zealand ndio walioanza kukiwekea viwango, mwaka 1996, maana jua lao ni kali na wakazi wao wengi ni weupe. Nguo yenye kipimo cha 50 hupitisha sehemu 1 tu kati ya 50 za mionzi. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba mara nyingi haifiki hata 10, na ikilowa hushuka. Suruali ya jinzi hupita 50 kwa mbali, lakini nani atakimbia na jinzi?

Nguo zenye lebo hiyo zipo katika maduka ya wenye nazo. Sisi wengine tuna mitumba na mafundi cherehani, na hatukupungukiwa kitu ilimradi tujue cha kutazama. Nyuzi za polista huzuia mionzi vizuri kuliko pamba iliyopaushwa, hukauka upesi, na hazibebi jasho zikawa nzito. Rangi iliyokoza huzuia zaidi kuliko nyeupe na rangi za maji. Ufumaji uliobana huzuia kuliko ule wa kulegea. Nguo inayombana mtu ikavutika hufunguka nyuzi zake, hivyo ile iliyolegea kidogo ni bora kwa jua kama ilivyo bora kwa sitara. Na nguo iliyochakaa mpaka ikawa laini kama leso haifai tena, hata kama ilikuwa nzuri zamani.

Kipimo chetu cha gulioni ni hiki. Ingiza mkono ndani ya nguo, iinue kuelekea juani, utazame. Ukiona vidole vyako vimesimama wazi, irudishe. Ukiona kiza tupu, ichukue. Sio kipimo cha maabara, lakini kinakuepusha na nguo mbaya. Tahadhari na jezi za mpira zenye vitundu, maana vijana wanazipenda sana na mitumbani zimejaa. Zile zenye vitundu mabegani na mgongoni ni chujio tu. Fundi wetu, Mungu amjaalie, alichukua jezi mbili za polista za bluu iliyokoza. Moja aliifanya nguo yenyewe kwa mikono mirefu inayofika kwenye vidole, na nyingine aliikata vipande. Vitundu aliviweka kwapani na ubavuni peke yake, mahali ambapo jua halifiki na hewa inahitajika. Shingoni aliongeza kola ya kusimama. Nilimuuliza, "Fundi, haitamkaba?" Akasema, "Ustadh, kanzu yako ina kola na unaadhini nayo."

Kichwani ndiko kulikotusumbua. Kofia zetu za viua zina vitundu vya kupitisha hewa na ni nzuri sana kwa msikitini, ila hazina ukingo, na uso wote unabaki juani. Kapelo inakinga paji la uso na pua lakini inaacha masikio na shingo, na masikio ndiyo hasa ya kuogopewa. Pama inakinga pande zote lakini upepo wa mbio unaibeba. Suluhisho likawa ni kapelo iliyoshonewa kitambaa nyuma, kikashuka mpaka mabegani na kuja mbele kufunika masikio. Watoto walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu wawili kati yao walimwomba fundi awashonee.

Hapo tuje kwa mama za mabinti, maana binti zao kofia hiyo wamekwishakuwa nayo. Hijabu inafunika masikio, shingo na kifua cha juu, sehemu ambazo mkimbiaji mwingine hulazimika kuzipaka mafuta. Hofu ya joto naielewa, na siidharau. Mwili unapokimbia hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kudondoka bali kwa kukauka. Hapa pwani hewa yenyewe imejaa unyevu, jasho linakauka kwa shida, kwa hiyo nguo isiyopitisha hewa ni tatizo la kweli.

Lakini tatizo hilo si la mikono mirefu. Mwaka 1980 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya Mabedui na kanzu zao nyeusi. Walimsimamisha mtu juani jangwani akiwa na kanzu nyeusi, kisha nyeupe, na nguo nyinginezo, wakapima. Kanzu nyeusi ilikusanya joto zaidi, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa na la kanzu nyeupe. Nguo ile imelegea, hewa inapita kati yake na mwili, na joto la ziada linaondoka kabla ya kufika. Msiuchukue utafiti huu mkaupeleka mbali: yule alikuwa amesimama, na hewa ya jangwani ni kavu. Anayekimbia Tanga hayuko katika hali hiyo. Ninachokichukua mimi ni kwamba kulegea kwa nguo na njia ya hewa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani.

Kwa hiyo nasema wazi, baibui la nailoni juu ya gauni juu ya fulana si nguo ya kukimbilia. Ni tabaka tatu, na hewa haina pa kupita. Walimu wetu wa kike wamewashonea mabinti nguo ya juu pana inayofika magotini, yenye mpasuo pembeni, suruali pana ndani yake, na hijabu fupi ya kuvuta isiyohitaji pini. Pini ni hatari kwa anayekimbia, akianguka zinamchoma shingoni. Vitambaa ni polista nyepesi iliyofumwa kwa kubana, tabaka moja tu kila mahali. Tumekimbia nao muhula mzima, na hakuna aliyeanguka kwa joto.

Na yule anayedai kwamba kujifunika kunapunguza mwendo, arejee Sydney mwaka 2000. Cathy Freeman wa Australia alishinda mita 400 akiwa amefunikwa kuanzia kichwani mpaka vifundoni kwa nguo moja yenye kofia yake. Hakuivaa kwa ajili ya jua wala dini; ilibuniwa kupunguza ukinzani wa hewa. Ruqaya Al-Ghasara wa Bahrain naye alikimbia amejisitiri, akachukua dhahabu ya mita 200 katika Michezo ya Asia mjini Doha mwaka 2006, na mwaka 2008 kule Beijing akafika nusu fainali. Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa mikono mirefu na kichwa kilichofunikwa. Alifika wa mwisho katika kundi lake, na uwanja ukasimama kumpigia makofi. Nguo ya Freeman ilikuwa ya kubana, siwaambii mabinti waiige. Natoa hoja ya mwendo tu.

Wavulana msidhani hamhusiki. Uchi wa mwanamume ni kati ya kitovu na magoti, na bukta za mbio za siku hizi zinaishia nusu ya paja. Suruali nyepesi inayovuka goti inawatosha kwa yote mawili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko nguo, nalo ni wakati. Nguo nzuri inapunguza mionzi. Saa nzuri inaiepuka. Wataalamu wa jua wana kanuni nyepesi ambayo mtoto wa madrasa anaielewa haraka kuliko mtu mwingine: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali, jifunike au ingia ndani. Kikiwa kirefu kuliko wewe, imepungua.

Si ndicho tunachokisoma katika nyakati za sala? Jua likifika katikati, kivuli kinakuwa kifupi kuliko vyote. Likipinduka, Adhuhuri imeingia. Kivuli cha kitu kikilingana na kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwepo jua lilipokuwa katikati, Alasiri imeingia kwa madhehebu yetu ya Shafi. Kwa maneno mengine, adhana ya Alasiri haitangulii kamwe ule wakati ambao kivuli chako kimelingana nawe. Ama inalingana nao, ama inachelewa kidogo.

Tuliipima kwa fimbo uani mwanzoni mwa Machi. Mji wetu uko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na jua hupita juu ya vichwa vyetu hasa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo kati ya saa sita na nusu na saa saba kasorobo fimbo haikuwa na kivuli kabisa. Watoto waliizunguka wakikitafuta. Tuliweka alama ya mkaa kila nusu saa. Asubuhi kivuli kililingana na fimbo karibu saa tatu na nusu, na mchana kikalingana tena karibu saa tisa na nusu. Dakika chache tukasikia adhana. Kwa mwezi huo basi, kati ya saa tatu na nusu asubuhi na Alasiri ndio muda wa kukimbiwa, sio wa kukimbia. Mwezi wa Juni jua linapokuwa kaskazini, hata saa ya mchana kivuli hakiishi, kinabaki kama nusu ya fimbo, na hapo Alasiri inakuja kivuli kikiwa kimeshapita urefu wa fimbo. Wanafunzi walioshiriki hawatasahau somo la nyakati, na mimi niliokoa vipindi viwili vya ubao.

Tumepanga hivi: wanaokimbia asubuhi waondoke mara baada ya Alfajiri na kupata kifungua kinywa, na saa mbili wawe wamerudi. Wa jioni wasianze kabla ya Alasiri. Kijana wetu mwenye ualbino yeye hata baada ya Alasiri anasubiri mpaka saa kumi na moja, kwa kuwa kulingana kwa kivuli hakumaanishi mionzi imekwisha, na ngozi yake haina akiba. Na kila akitoka, hata jioni, nguo zote anavaa.

Wakubwa wa riadha nao wanaikimbia saa. Doha mwaka 2019 marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ilianzishwa karibu na usiku wa manane, na bado kwa joto na unyevu, kati ya wanawake 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza. Tokyo mwaka 2025, siku ambayo Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, mbio zilianzishwa nusu saa mapema kuliko ratiba kwa sababu ya joto.

Nilisema kijana alikubaliwa nguo zake. Mwezi huo huo wa Machi mchujo wa shule ukapangwa saa saba mchana. Baba yake alikataa asikimbie, nami nilimuunga mkono. Kijana alikuwa na nguo nzuri, kofia, mafuta, kila kitu, na kwa miezi miwili alikuwa anajiandaa kwa mita 3,000. Alilia. Mama yake akanipigia simu jioni akisema, "Ustadh, hajala." Nilikwenda kukaa naye, sikuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba mkono mrefu haufanyi saa saba kuwa saa kumi na moja. Uso, midomo, viganja na macho vinabaki nje. Wengine waliona tumezidisha. Mimi nadhani pale ndipo swali la mzee yule lilipopata jibu: ndiyo, akimbie, kwa nguo zake na kwa saa yake, na moja likikosekana asikimbie siku hiyo.

Kuhusu mafuta ya kukinga jua, kwake ni ya lazima kwa sehemu zilizobaki wazi: kipimo cha 30 au zaidi, yapakwe kabla ya kutoka, na yarudiwe kila baada ya saa mbili au jasho likiyaosha. Huko Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, yalitengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino na kugawiwa kupitia kliniki. Wazazi waulize hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino kabla ya kwenda dukani, maana ya dukani ni ghali. Mafuta ya nazi, ambayo bibi zetu huyasifu, hayatoshi kabisa kwa kazi hii. Kidonda chochote cha ngozi kisichopona kwa wiki chache kionyeshwe daktari, kisisubiri muhula uishe.

Macho yake yanataka miwani myeusi na ukingo wa kofia, na kwa kuwa haoni mbali vizuri, hukimbia nyuma ya rafiki yake aliyevaa jezi ya njano. Wamezoeana kiasi kwamba huyu akikohoa mwingine anajua kuna shimo.

Maji yanywewe kabla ya kusikia kiu. Mwezi wa Ramadhani mbio ndefu tunazisimamisha, na anayetaka kujinyoosha hufanya hivyo usiku baada ya Tarawehe, wakati ambao jua halina neno na mtu.

Mwaka huu tumeiandikia shule barua, baba yake, mimi na mwalimu mkuu mstaafu mmoja aliye katika kamati ya madrasa yetu, kuomba mchujo ujao wa mita 3,000 upangwe baada ya Alasiri, kwa wanafunzi wote na sio kwa kijana mmoja. Tumeambatanisha karatasi yenye alama za fimbo za siku ile, saa kwa saa, kwa mwandiko wa wanafunzi wenyewe. Jibu halijafika. Nguo zimefuliwa, na fundi ameirefusha mikono kwa vidole viwili, kwa kuwa kijana amekua.